Soma Mtaala, Usisome Bango: Namna ya Kuchagua Kozi ya Uhusiano wa Umma

Mwaka mmoja tulipokea ofisini vijana wawili wa field, yaani mafunzo kwa vitendo, wote wa mwaka wa pili, kutoka vyuo viwili tofauti. Kozi zao zilikuwa na majina yanayokaribia kufanana. Wakati huo nilikuwa afisa uhusiano katika mamlaka ya maji, na siku yao ya tatu mafundi walituletea habari kwamba bomba kuu litafungwa kesho yake kwa matengenezo. Nikawapa kila mmoja karatasi na dakika ishirini: andikeni tangazo kwa wateja.

Wa kwanza alianza hivi: “Uongozi wa Mamlaka unapenda kuutaarifu umma kwa ujumla kwamba, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu...” Mitaa itakayokosa maji ilitajwa mstari wa tisa. Saa haikutajwa kabisa.

Wa pili aliandika: “Kesho Jumatano, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, maji hayatatoka mitaa ya Sokoni, Stendi na Shuleni. Tunabadilisha bomba lililochakaa. Tafadhali chota maji ya kutosha leo.” Chini akaweka namba ya simu.

Wote wawili walikuwa na akili na bidii. Nilipowauliza wanavyofundishwa, wa pili akasema chuoni kwao wanaandika taarifa moja kila Ijumaa, na Jumatatu inarudi imejaa wino mwekundu. Wa kwanza alikuwa ameandika taarifa moja tu tangu aanze chuo, tena kwenye chumba cha mtihani.

Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye bango la chuo wala kwenye jina la kozi. Utaiona ukisoma mtaala, ukiuliza wanafunzi, ukihesabu wiki za vitendo. Mwongozo huu ni wa kukuonesha namna ya kufanya hivyo kabla hujalipa hata shilingi ya ada, iwe umemaliza kidato cha nne, kidato cha sita, una stashahada, au ni mzazi unayemtafutia mwanao chuo.

Kwanza, ielewe kazi yenyewe

Huwezi kuchagua mafunzo ya kazi usiyoijua. Wengi wanaoniambia wanataka “PR” wamemwona afisa uhusiano akiwa amesimama nyuma ya mkurugenzi mbele ya kamera, suti imenyooka. Hiyo ni nusu saa ya wiki. Saa zilizobaki huenda hivi:

- Asubuhi anasoma magazeti, anasikiliza redio, anapitia mitandao ya kijamii kujua watu wanasema nini kuhusu taasisi yake.
- Anaandika: taarifa kwa umma, hotuba ya bosi, majibu ya barua, makala ya jarida la ndani, maelezo ya picha.
- Anaandaa mkutano na waandishi wa habari, na kabla ya hapo anamkalisha msemaji chini na kumuuliza maswali magumu kuliko yatakayoulizwa.
- Anapokea malalamiko na kuyafikisha kwa wenye uwezo wa kuyatatua.
- Anamwambia bosi jambo ambalo bosi hapendi kulisikia: kwamba watu wamekasirika, na wana haki ya kukasirika.

Halafu kuna siku mbaya. Ajali imetokea, huduma imekatika, uvumi umesambaa tangu alfajiri. Siku hiyo hutakuwa na muda wa kujifunza. Utatumia kile ambacho mkono wako umeshazoea kukifanya. Ndiyo maana swali la kuuliza juu ya kozi yoyote ni moja: *itanifanyisha nini, mara ngapi, na nani atanisahihisha?*

> SANDUKU: KAZI NNE ZINAZOCHANGANYWA
>
> Uandishi wa habari: unautumikia umma kwa kutafuta ukweli, bila kujali taasisi inapenda au haipendi.
>
> Matangazo: unanunua nafasi hewani, gazetini au mtandaoni na kusema unachotaka.
>
> Masoko: unatafuta wateja na kuhakikisha bidhaa inanunulika.
>
> Uhusiano wa umma: unajenga na kulinda kuaminiana kati ya taasisi na watu wake wote: wateja, wafanyakazi, majirani, waandishi wa habari, serikali.
>
> Kazi hizi ni ndugu, na kozi nyingi huzichanganya mbili au tatu. Ujue kozi yako imechanganya zipi, na kwa kipimo gani.

HATUA YA 1: Anza na tangazo la kazi, rudi nyuma mpaka kwenye kozi

*Kwa nini:* Mwajiri ndiye atakayekisoma cheti chako. Katika utumishi wa umma, jina la shahada lina uzito mkubwa, kwa sababu tangazo hutaja fani zinazokubalika, na ambaye fani yake haimo huondolewa kabla hajaitwa kwenye usaili.

*Namna ya kufanya:*

1. Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pamoja na kurasa za kazi za benki, kampuni za simu na mashirika yasiyo ya kiserikali.
2. Kusanya matangazo kumi ya nafasi kama Afisa Habari, Afisa Uhusiano au Afisa Mawasiliano. Ya zamani pia yanafaa.
3. Kwa kila tangazo, andika vitu vitatu: fani zinazokubalika, kazi zilizoorodheshwa, na ujuzi wa ziada unaotakiwa.
4. Pigia mstari maneno yanayojirudia. Hayo ndiyo mahitaji ya soko, kwa maneno ya soko lenyewe.

Ukimaliza utakuwa na ukurasa mmoja wa daftari. Utunze. Kila kozi utakayoifikiria, iweke kando ya ukurasa huo na uone vinavyolingana.

HATUA YA 2: Ujue mlango wako wa kuingilia

*Kwa nini:* Vijana wengi hupoteza mwaka mzima kwa kuomba kozi ambayo sifa zao haziifikii, wakati mlango mwingine ulikuwa wazi.

Umemaliza kidato cha nne. Njia yako ni astashahada, kisha stashahada. Vyuo vya aina hii vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na ngazi zake huitwa NTA: ngazi ya 4 na 5 ni za cheti, ya 6 ni stashahada. Kwa kawaida huhitajika ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Usiidharau njia hii. Ikiwa chuo ni kizuri, utashika kamera na kuandika taarifa mapema kuliko mwenzako aliyekwenda kidato cha tano.

Umemaliza kidato cha sita. Kiwango cha chini cha jumla cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni ufaulu wa alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu inaweza kuweka kiwango cha juu zaidi, au kutaja masomo maalumu. Wa michepuo ya sanaa kama HGL, HKL na HGK huingia kwa urahisi, ila wa michepuo ya biashara na sayansi wasijifungie mlango: soma sifa za programu husika kwanza.

Una stashahada. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ni GPA ya 3.0. Utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET. Iombe mapema, maana kuna watu kila mwaka wanaokosa dirisha la udahili kwa sababu ya namba hiyo tu.

Uko kazini tayari. Fikiria Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, au stashahada ya uzamili ikiwa tayari una shahada ya fani nyingine. Mwenye shahada ya sosholojia, lugha au uchumi akijifunza ufundi wa mawasiliano huwa mtu wa thamani kubwa ofisini, kwa sababu ana jambo analolijua kwa undani.

HATUA YA 3: Hakiki ithibati kwa mikono yako

*Kwa nini:* Cheti cha chuo au programu isiyotambuliwa hakikupeleki popote. Hutapata mkopo wala kazi serikalini, na huwezi kuendelea na masomo ya juu.

1. Kwa shahada, pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huu. Kinaorodhesha kila chuo kikuu, kila programu, sifa za kuingilia na idadi ya nafasi.
2. Kwa astashahada na stashahada, tumia mwongozo wa NACTVET.
3. Tafuta jina la chuo, kisha jina la programu, kisha kampasi. Chuo kinaweza kuwa halali na programu moja ikawa bado haijaidhinishwa.
4. Kwa chuo cha nje au cha mtandaoni, waulize TCU kama tuzo yake inatambulika kabla ya kulipa chochote.

> ONYO: Anayekuambia “usajili wetu uko mbioni, wewe lipa tu nafasi isije ikajaa” anakuomba ubebe hatari isiyokuhusu. Muage kwa adabu. Vilevile, usimlipe wakala anayejidai ana “nafasi ya ndani”. Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa chuo chenyewe.

HATUA YA 4: Soma mtaala kwa kalamu nne

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu. Ukiruka hatua nyingine zote, hii usiiruke.

*Kwa nini:* Majina ya kozi hayakuambii kilichomo. Chukua mifano miwili ya hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, kinatoa shahada ya Uhusiano wa Umma na Matangazo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilichoko Mwanza kinatoa ya Uhusiano wa Umma na Masoko. Kazi ni ileile, lakini shahada moja imeoana na matangazo na nyingine na masoko. Vyuo vingine vina shahada ya Mawasiliano ya Umma, na uhusiano wa umma ni tawi tu ndani yake. Hakuna kosa katika lolote kati ya haya. Ila lazima ujue unaingia nyumba gani.

*Namna ya kufanya:*

1. Pata orodha ya masomo yote ya miaka yote, muhula kwa muhula. Huwa kwenye kitabu cha programu au tovuti ya chuo. Isipokuwepo, iombe ofisi ya udahili kwa barua pepe. Chuo kisichoweza kukupa orodha hiyo kimeshakujibu.
2. Chukua kalamu nne za rangi.
   - Nyekundu: kuandika. Uandishi wa taarifa, hotuba, makala, uhariri, maudhui ya mitandao.
   - Bluu: kutafiti na kupima. Utafiti, takwimu, maoni ya umma, tathmini ya mawasiliano.
   - Kijani: sheria na maadili.
   - Nyeusi: vitendo. Field, mradi wa kampeni, studio, usimamizi wa dharura, usemaji.
3. Pigia kila somo mstari wa rangi yake. Yasiyo na rangi yaache.
4. Hesabu.

Kipimo changu, baada ya kupokea wanafunzi wa field kwa miaka, ni hiki: katika shahada ya miaka mitatu nataka kuona angalau nyekundu nne, bluu mbili, kijani moja iliyo kamili, na field zaidi ya mara moja. Kwa stashahada ya miaka miwili, nyekundu tatu na bluu moja. Karatasi ikibaki nyeupe kwa zaidi ya nusu, kozi hiyo itakufundisha *kuhusu* mawasiliano, na kuyafanya utajifunzia kazini kwa jasho.

Sasa chimba kila rangi kidogo.

*Nyekundu: uliza lugha.* Vyuo vyetu vikuu hufundisha kwa Kiingereza, lakini mwananchi aliyekatiwa maji analalamika kwa Kiswahili. Afisa uhusiano wa hapa kwetu anaandika ripoti ya bodi kwa Kiingereza asubuhi na tangazo la mtaani kwa Kiswahili mchana. Uliza: je, kuna zoezi lolote la kuandika taarifa kwa Kiswahili fasaha, linalosahihishwa? Kama halipo, usiikatae kozi kwa hilo peke yake, bali panga kujifunza mwenyewe. Kiswahili cha kuzaliwa nacho hakitoshi kuandika tangazo. Yule kijana wa kwanza alikuwa Mswahili safi.

*Bluu: uliza wanavyopima.* Zamani maafisa walipima kazi yao kwa kuchukua nafasi waliyopata gazetini na kuihesabia bei kana kwamba ni tangazo la kulipia. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikubaliana juu ya Kanuni za Barcelona, na moja ya kanuni hizo inasema wazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano wa umma. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu: “Mnafundishwa kupima vipi mafanikio ya kampeni?” Akikueleza namna ya kujua kama watu walielewa, waliamini au walibadili walichokuwa wakifanya, hapo pana mwalimu. Akikutajia bei ya ukurasa wa gazeti, mtaala una vumbi.

*Kijani: uliza sheria kwa majina.* Afisa uhusiano anayefanya kazi Tanzania hukutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiposti picha ya mgonjwa au orodha ya wadaiwa kwenye ukurasa wa taasisi, kosa ni lako. Somo la sheria ambalo halijagusa ulinzi wa taarifa binafsi limepitwa na wakati.

*Nyeusi: uliza wiki.* Neno “vitendo” huandikwa kwenye kila kipeperushi. Uliza ni wiki ngapi, mwaka gani, na nani anakuja kukukagua.

HATUA YA 5: Piga hesabu ya fedha ya kozi nzima

*Kwa nini:* Anayekwama mwaka wa pili kwa ada amepoteza fedha na muda pia. Usihesabu muhula wa kwanza peke yake.

Andika kwa kila chuo, kwa miaka yote:

- Ada na michango yote (usajili, mitihani, bima, kitambulisho, mahafali)
- Chumba, chakula na nauli
- Kompyuta mpakato, maana kozi ya kuandika bila kompyuta ni mateso
- Bando la intaneti
- Gharama za field: nauli ya kila siku na pengine chumba katika mji mwingine

Kama utahitaji mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), kumbuka kwamba maombi yake ni tofauti na maombi ya chuo, yana dirisha lake na mwongozo wake wa kila mwaka. Hakikisha cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa, RITA kwa Tanzania Bara, kabla dirisha halijafunguliwa. Usipange maisha kwa kudhani bumu, yaani fedha ya mkopo, litatoka, panga ukiwa na jibu la swali “na lisipotoka?”

HATUA YA 6: Nenda ukaone, ukaulize

*Kwa nini:* Maswali manne kwa mtu sahihi yanakupa zaidi ya kipeperushi kizima.

Kama uko Dar es Salaam au unaweza kufika, tembelea maonesho ya elimu ya juu ya TCU ambayo hufanyika Julai viwanja vya Mnazi Mmoja. Vyuo vinakuwa pamoja, unaweza kulinganisha kwa siku moja. Lakini mtu wa mezani amewekwa pale akivutie chuo wanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana habari zaidi, na aliyehitimu miaka miwili iliyopita ana zaidi yake.

> SANDUKU: MASWALI YA KUBEBA
>
> Kwa chuo:
> 1. Walimu wangapi wa kozi hii wamewahi kufanya kazi ya uhusiano au habari nje ya darasa?
> 2. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi? (Mhadhiri mmoja hawezi kusahihisha kwa wino mwekundu insha mia tatu kila wiki.)
> 3. Mtaala ulihuishwa lini mara ya mwisho?
> 4. Je, kuna redio, studio au jarida ambalo wanafunzi wanaliendesha wenyewe?
> 5. Chuo kinasaidia kutafuta nafasi ya field, au kila mtu na lwake?
>
> Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu:
> 1. Nioneshe kazi tatu ulizoziandika chuoni.
> 2. Nani alizisahihisha, na alikuambia nini?
>
> Kwa mhitimu:
> 1. Ni kitu gani ulichokikuta kazini ambacho hukufundishwa?
> 2. Ungerudi nyuma, ungechagua kozi hiyohiyo?

Lile ombi la kwanza kwa mwanafunzi, “nioneshe kazi tatu”, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtu aliyesoma miaka mitatu kozi ya mawasiliano na hana kitu cha kukuonesha kwenye simu yake amekueleza kila kitu kuhusu kozi hiyo.

HATUA YA 7: Omba, chagua, thibitisha

1. Panga kozi tatu: ya kwanza moyoni, ya pili inayokaribia, na ya tatu ambayo sifa zako zinaizidi wazi.
2. Omba awamu ya kwanza ya udahili. Kusubiri awamu za mwisho ni kugombea makombo.
3. Andika majina yako kama yalivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi.
4. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, ndani ya muda uliopangwa. Usipothibitisha, nafasi inaweza kukuponyoka huku umeshasherehekea.
5. Tunza nakala ya kila risiti na kila ujumbe.

> KWA MSOMAJI WA KENYA NA UGANDA
>
> Hatua ni zilezile, milango ndiyo tofauti. Kenya, hakiki programu za vyuo vikuu kwa CUE, na upangaji wa wanafunzi hupitia KUCCPS. Uganda, hakiki kwa NCHE. Nchi zote mbili zina vyama vikongwe vya taaluma hii: PRSK cha Kenya kilianzishwa mwaka 1971, na PRAU cha Uganda mwaka 1976. Uliza kama chuo kina uhusiano na chama hicho.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Kuchagua kwa sababu “mimi ni mwongeaji”. Kuongea ni sehemu ndogo ya kazi hii. Nimefanya kazi na maafisa wapole wasiopenda kipaza sauti ambao taarifa zao hazikuwahi kukanushwa, na waongeaji hodari waliolazimika kuomba radhi kila mwezi. Kama hupendi kuandika na kusoma, tafuta fani nyingine kwa heshima zako zote.

Kufuata rafiki. Rafiki yako atapata kazi yake, nawe utabaki na shahada yake.

Kudhani wafuasi wa mtandaoni ni ujuzi wa kazi. Kuwa na watu elfu hamsini Instagram ni jambo zuri, lakini kuisemea taasisi kunataka kupima kila neno kwa ajili ya watu ambao hawakukufuata kwa hiari.

Kudharau masomo ya “pembeni”. Mwenye uchumi kidogo ataelewa taarifa ya benki. Aliyesoma siasa na utawala ataelewa halmashauri inavyofanya uamuzi. Masomo ya hiari yachague kwa kuangalia sekta unayotaka kuifanyia kazi.

Kukimbilia vyeti vya wiki mbili kabla ya msingi. Mafunzo mafupi ya picha, video au mitandao ni mazuri juu ya msingi. Peke yake ni paa lisilo na ukuta.

Kungoja field ndipo uanze vitendo. Tangu mwaka wa kwanza, jitolee kuandika matangazo ya kanisa, msikiti, timu ya mtaa, kikoba cha mama yako au serikali ya wanafunzi. Weka kila kazi kwenye jalada moja. Siku ya usaili utaweka jalada mezani, na mwenzako ataweka GPA peke yake.

Orodha ya kuhakiki kabla ya kulipa

☐ Nimesoma matangazo kumi ya kazi na jina la kozi hii limo kwenye fani zinazokubalika.
☐ Sifa zangu zinafikia sifa za programu, nimeziona kwenye mwongozo wa mwaka huu.
☐ Chuo, programu na kampasi vyote vimo kwenye orodha ya TCU au NACTVET.
☐ Nimesoma orodha ya masomo yote na kuipiga kalamu nne.
☐ Najua field ni wiki ngapi, na mwaka gani.
☐ Nimeona kazi tatu za mwanafunzi wa kozi hii kwa macho yangu.
☐ Nimezungumza na mhitimu mmoja aliye kazini na mmoja anayetafuta kazi.
☐ Nina hesabu ya fedha ya miaka yote, na mpango ikiwa mkopo hautatoka.
☐ Nimewaeleza wazazi au walezi wangu kazi hii ni nini, kwa maneno yangu mwenyewe.

Visanduku vikijaa saba au zaidi, songa mbele. Chini ya hapo, rudi ukajaze.

Jaribio la leo usiku

Kabla ya yote, fanya jambo moja ambalo halina ada. Tafuta tangazo lolote lililobandikwa mtaani kwenu: la zahanati, la shule, la mwenyekiti wa mtaa, la kampuni ya umeme. Lipige picha. Ukifika nyumbani weka dakika ishirini kwenye simu, uliandike upya ili bibi yako alielewe akisomewa mara moja: nini kinatokea, wapi, lini, afanye nini, amuulize nani.

Kisha msomee kweli. Asipoelewa, usimlaumu, futa, andika tena. Ukijikuta saa tano za usiku bado unahangaika na sentensi ya kwanza na hujachoka, basi fungua huo mwongozo wa udahili, chukua kalamu zako nne, uanze na hatua ya kwanza.